Zora Arkus-Duntov: Mhandisi aliyelikataa dirisha la Corvette

Na Mwandishi Wetu

MNAMO mwaka 1964, na katika miaka michache iliyofuata, baadhi ya wamiliki wa magari ya Corvette nchini Marekani walifanya jambo ambalo wapenzi wa magari ya zamani hulisimulia hadi leo kwa majonzi. Waliyapeleka gereji magari yao ya toleo la mwaka 1963, ambayo rangi yake ilikuwa haijaanza hata kupauka, wakawaagiza mafundi washike msumeno.

Kilichokatwa ni kipande chembamba cha bodi kilichoteremka kutoka paani hadi mgongoni mwa gari, kikikigawa kioo cha nyuma katika sehemu mbili. Mahali pake kiliwekwa kioo kimoja kipana cha toleo la mwaka 1964. Mwenye gari alirudi nyumbani na chombo kilichofanana na kile kipya kilichokuwa kikiuzwa madukani, na zaidi ya hapo aliweza sasa kuona kilichokuwa nyuma yake.

Wakati ule hapakuwa na aliyeona hasara. Lakini dirisha lile lililogawanyika lilitengenezwa kwa mwaka mmoja tu, katika magari 10,594, na kila gari lililopita chini ya msumeno liliipunguza idadi hiyo. Leo Corvette ya mwaka 1963 yenye dirisha lake la awali huuzwa kwa bei inayoiacha mbali sana ile ya mwaka 1964, ingawa kwa mtu asiye mjuzi magari hayo mawili ni kama pacha.

Mtu wa kwanza kulipinga dirisha hilo hakuwa mteja wala fundi wa gereji. Alikuwa mhandisi wa Chevrolet, kampuni iliyolitengeneza gari lenyewe, na aliipinga michoro yake kabla umma haujaliona. Jina lake ni Zora Arkus-Duntov, aliyefariki dunia Aprili 21, 1996 akiwa na umri wa miaka 86. Wapenzi wa Corvette humwita baba wa gari hilo, ijapokuwa hakulibuni yeye, na alipokutana nalo kwa mara ya kwanza alikuwa mtazamaji tu katika ukumbi wa maonyesho.

Hata jina lake liliungwa kwa vipande viwili.

Alizaliwa Desemba 25, 1909 mjini Brussels, Ubelgiji, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Urusi. Baba yake, Jacques Arkus, alikuwa mhandisi wa migodi, na mama yake alikuwa akisomea udaktari. Familia ilirejea baadaye katika mji wake wa asili, St. Petersburg, na huko ndoa hiyo ilivunjika. Mama alimpata mwenzi mwingine, Josef Duntov, naye pia mhandisi, ambaye alihamia katika nyumba ileile. Jambo la ajabu ni kwamba Arkus hakuhama. Wanaume hao wawili waliishi chini ya paa moja, na miaka mingi baadaye Zora na mdogo wake Yura, kwa kuwaheshimu wote wawili, waliyaunganisha majina yao.

Alipokuwa mtoto alitamani kuwa dereva wa tramu. Mwaka 1927 familia ilihamia Berlin, Ujerumani, na huko tamaa hiyo ikabadilika. Alijipatia pikipiki, akawa anaiendesha kwa kasi mitaani na katika uwanja wa mashindano. Wazazi wake wakahofia maisha yake, wakamtaka aiuze anunue gari. Kijana alitii, ila gari alilonunua lilikuwa la mashindano, lisilo na breki za mbele kabisa, na breki zake za nyuma zilikuwa dhaifu. Haielekei kwamba wazazi walipata usingizi zaidi.

Alihitimu uhandisi mwaka 1934 katika chuo cha ufundi cha Charlottenburg mjini Berlin. Huo haukuwa wakati wa Myahudi kupanga maisha ya muda mrefu katika mji huo. Alihamia Paris, Ufaransa, na mwaka 1939 alimwoa Elfi Wolff, Mjerumani aliyekuwa mcheza dansi katika jumba maarufu la Folies Bergère.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Zora na Yura walijiunga na jeshi la anga la Ufaransa. Ufaransa iliposalimu amri mwaka 1940, ndugu hao wakageuka kuwa watu wa kutafuta njia ya kutorokea. Walipata vibali katika ubalozi mdogo wa Hispania mjini Marseille. Elfi, aliyekuwa bado Paris, aliingia katika gari lake dogo aina ya MG na kulikimbiza hadi Bordeaux huku majeshi ya Wajerumani yakimfuata nyuma. Hatimaye familia ilipanda meli nchini Ureno, ikaenda New York.

Huko Marekani ndugu hao walifungua karakana waliyoiita Ardun, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina yao mawili. Wakati wa vita karakana hiyo ilifanya kazi za kijeshi na ilikua hadi kuwa na wafanyakazi wapatao 300. Vita vilipokwisha walitafuta kazi nyingine, na waliyoipata ndiyo iliyoonyesha Duntov alikuwa mtu wa namna gani.

Katika miaka ile vijana wa Kimarekani waliopenda kasi walitumia injini ya Ford V8, yenye valvu zilizokaa ubavuni mwa silinda. Ilikuwa injini ya bei nafuu na imara, lakini ilipata joto upesi na haikuvuta hewa vizuri. Ardun ilitengeneza silinda hedi za alumini zenye valvu juu, ambazo mtu aliweza kuzinunua na kuzifunga juu ya injini ileile ya Ford aliyokuwa nayo. Kizee cha barabarani kikapata mapafu mapya. Biashara haikudumu, lakini silinda hedi hizo zinatafutwa hadi leo na watu wanaounda upya magari ya zama hizo.

Kwa maneno mengine, jina la Duntov lilijulikana kwanza kupitia kipande cha kubadilisha. Hakuliona gari kama kitu kilichokamilika siku kilipotoka kiwandani. Kwake kiwanda kilikuwa hatua ya kwanza tu.

Baada ya Ardun kuyumba, alikwenda Uingereza kufanya kazi na Sydney Allard, mtengenezaji wa magari ya kasi wa London, na aliendesha magari yake katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1952 na 1953. Baadaye, akiwa na gari la Porsche, alikuwa miongoni mwa washindi wa daraja la injini ndogo katika mashindano hayohayo mwaka 1954 na 1955.

Januari 1953 alikuwa New York, na alikwenda hoteli ya Waldorf-Astoria kutazama maonyesho ya General Motors. Jukwaani palikuwa na gari dogo jeupe la watu wawili, lisilo na paa la kudumu, lililobuniwa chini ya Harley Earl, mkuu wa usanifu wa kampuni hiyo. Lilikuwa Corvette ya kwanza. Duntov alilitazama umbo lake na kulipenda mno. Kisha alichungulia kilichokuwa ndani yake, naye akasikitika: injini ya silinda 6 iliyotokana na gari la kawaida la familia, na gia za kujibadilisha zenye hatua mbili tu.

Alimwandikia barua Ed Cole, mhandisi mkuu wa Chevrolet, akaeleza kwamba angeona fahari kufanya kazi juu ya gari zuri namna hiyo, na kuambatanisha andiko la kitaalamu kuhusu jinsi ya kukokotoa kasi ya juu ya gari. Mei 1, 1953 alianza kazi. Wiki chache baadaye alitaka ruhusa ya kwenda Le Mans kuendesha gari la Allard. Wakubwa wake hawakufurahi. Alikwenda.

Magari 300 tu ya Corvette yalitengenezwa mwaka huo wa kwanza, yote meupe yenye viti vyekundu. Mwaka 1954 yalitengenezwa 3,640, mengi yakakosa wanunuzi, na mwaka 1955 idadi ikashuka hadi 700. Gari lilikuwa linakaribia kufa. Lililoliokoa ni injini mpya ya V8 pamoja na ubishi wa watu wachache waliokataa kulizika, Duntov akiwa mmoja wao.

Desemba 1953 alikuwa amekwisha kuwaandikia wakubwa wake waraka ambao wanahistoria wa magari huutaja mara kwa mara. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Vijana wote wanaopenda kubadilisha magari yao wako upande wa Ford, kwa kuwa kila duka la vipuri limejaa vitu vya Ford, na majarida wanayoyasoma yamejaa Ford. Chevrolet ikitaka kuwapata vijana hao ni lazima iwape vipuri vya nguvu vilivyotengenezwa na kampuni yenyewe, vikapimwa na wahandisi wake, ili anayevifunga asiharibikiwe. Huyu alikuwa mwajiriwa aliyekuwa akiishauri kampuni yake iwasaidie wateja kulibadilisha gari walilouziwa.

Yeye mwenyewe alifanya hivyo mbele ya macho ya wakubwa. Ili kulitangaza toleo jipya la mwaka 1956, alichukua Corvette ya majaribio ya mwaka 1954, akaifunga injini ya V8 yenye kamshafti aliyoibuni, na kuiwekea pezi nyuma ya kichwa cha dereva. Katika uwanja wa majaribio wa kampuni huko Arizona ilikimbia maili 163 kwa saa, yaani kilomita zipatazo 262. Kisha injini hiyo ilihamishiwa katika gari jingine la majaribio lililovishwa bodi ya mwaka 1956, na katika mchanga wa Daytona Beach, Florida, Duntov alilifikisha kwenye kasi ya zaidi ya maili 150 kwa saa. Kamshafti ile iliuzwa kwa umma na wapenzi wa magari huiita kwa jina lake.

Hapa inafaa kueleza kwa nini Corvette, kuliko magari mengi ya rika lake, ilikuwa nyepesi kubadilishwa sura.

Bodi yake haikuwa ya bati. Ilitengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kitu ambacho mafundi wetu hukiita faiba. Vipande vya bodi viliunganishwa kwa kugandishwa, huku ukanda mwembamba wa faiba ukiwekwa upande wa ndani wa kila kiungo. Madigadi yaliyovunjika hayakunyooshwa kwa nyundo, bali yalikatwa penye kiungo na mengine yakagandishwa mahali pake. Pua nzima ya gari iliweza kuondolewa na kuwekwa nyingine. Msasa na rangi vilimaliza kazi, na kwa nje alama haikuonekana.

Zaidi ya hapo, Corvette zilizotoka kati ya mwaka 1963 na 1967, zilizojulikana kwa jina la Sting Ray, zilikuwa na fremu moja na umbo moja la msingi, wakati mapambo yake yakibadilika kila mwaka kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mazoea ya biashara ya magari ya Marekani. Boneti ya mwaka 1963 ilikuwa na mabonde mawili yaliyofunikwa vigrili vya urembo. Mwaka 1964 vigrili viliondolewa, mabonde yakabaki. Mwaka 1965 boneti ikawa tambarare, isipokuwa kwa injini kubwa ya lita 6.5 iliyohitaji boneti yenye nundu. Madigadi ya mbele yalikuwa na michirizi miwili ya kulala katika miaka miwili ya kwanza, kisha matundu matatu ya wima mwaka 1965 na 1966, na mwaka 1967 matundu matano yaliyoinama.

Boneti ya mwaka 1967 kwa injini ya lita 7 ilikuwa na mwinuko mrefu uliochongoka kuelekea mbele, na ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Matokeo yake, boneti hiyo imefungwa katika magari ya miaka mingine bila hata mwenye gari kuwa na injini ya kuijaza nafasi iliyo chini yake. Msomaji aliyewahi kuona gari la mwaka wa nyuma likivishwa taa na bampa za toleo jipya hapa kwetu hatashangaa. Tamaa ni ileile, isipokuwa huku mtu anataka gari lake lionekane jipya, na kule siku hizi wanataka lionekane kama lilivyozaliwa.

Sting Ray ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika maisha ya Duntov, na ndiyo iliyomgonganisha na Bill Mitchell.

Mitchell alichukua nafasi ya Harley Earl katika usanifu mwishoni mwa mwaka 1958. Alikuwa mtu wa mavazi ya kung'aa, sauti kubwa na msimamo usiotikisika. Mwaka 1957 Duntov alikuwa ametengeneza gari la mashindano la Corvette SS, ambalo lilishiriki mbio za Sebring huko Florida na kukwama mapema kwa hitilafu. Muda mfupi baadaye watengenezaji wa magari wa Marekani walikubaliana kujitoa katika mashindano. Fremu ya gari la majaribio la mradi huo ikabaki bila kazi. Mitchell aliichukua, akaivisha bodi mpya yenye makali na mabega yaliyofura, na kulipeleka mashindanoni mwaka 1959 kwa gharama zake. Hivyo ndivyo umbo la Sting Ray lilivyoonekana hadharani kwa mara ya kwanza: mifupa ya Duntov, ngozi ya Mitchell.

Kwa gari la kuuzwa, Duntov alipata mengi aliyoyapigania. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulipunguzwa kutoka inchi 102 hadi 98. Magurudumu ya nyuma yalifungwa kila moja kwa uhuru wake, likishikwa na springi ya majani iliyolala kwa upana wa gari. Ndani ya faiba iliwekwa ngome ya chuma kuizunguka sehemu ya abiria. Kwa mara ya kwanza Corvette ya kuuzwa ilipatikana ikiwa na paa la kudumu.

Na juu ya paa hilo Mitchell alichora mstari wake. Ulianzia katika boneti, ukapotea kwenye kioo cha mbele, ukaibuka tena paani na kuteremka hadi mkiani, ukikata kioo cha nyuma katikati. Kwa Mitchell mstari huo ulikuwa roho ya gari. Kuuondoa kulikuwa sawa na kuliacha gari lote. Kwa Duntov, aliyekuwa dereva wa mashindano, ulikuwa nguzo iliyosimama katikati ya kioo cha kutazamia nyuma, mahali hasa ambapo gari linalokufuata hujificha. Inasimuliwa kwamba mabishano yao yalikuwa makali kiasi cha mhandisi kuzuiwa kuingia katika chumba cha wasanifu.

Mitchell alishinda mwaka 1963. Majarida ya magari yalilisifu gari na kulilaumu dirisha, na mwaka uliofuata nguzo ile iliondolewa. Duntov akawa ameshinda, na wenye misumeno wakaanza kazi.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Duntov alikuwa na haki barabarani. Gari ambalo dereva wake haoni nyuma lina kasoro, hata likiwa zuri namna gani. Lakini ni vigumu kulitazama gari la mwaka 1963 kwa nyuma na kusema kwamba Mitchell hakuwa na haki yoyote, na wanunuzi, baada ya kuchelewa kwa miongo kadhaa, wamempa Mitchell kura zao zote.

Duntov hakupoteza muda kulisherehekea hilo. Alikuwa na gari jingine kichwani, Corvette nyepesi ya mashindano iliyoitwa Grand Sport, yenye bodi nyembamba ya faiba na kioo kimoja tu nyuma. Ilipangwa yatengenezwe magari 125. Wakubwa wa General Motors waliusimamisha mradi yakiwa yametengenezwa matano. Hata katika hayo matano hakukoma kubadilisha, kwani mawili yalikatwa paa kwa maandalizi ya mbio za Daytona za mwaka 1964, yakawa magari ya wazi.

Kilichofuata katika kazi yake kinaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1965 Corvette ilipata breki za diski katika magurudumu yote manne. Mwaka 1968 ilipata bodi mpya, ingawa fremu iliyokuwa chini yake ilitokana na ile ya mwaka 1963 na iliendelea kutumika hadi mwaka 1982. Ndoto yake ya kuihamisha injini kutoka mbele na kuiweka nyuma ya dereva aliijaribu tangu mwaka 1960 katika magari ya utafiti, moja baada ya jingine, na kila mara ilikataliwa. Alistaafu mwaka 1975. Corvette ya namna hiyo ilizinduliwa Julai 2019, miaka 23 baada ya kifo chake.

Wakati akijiandaa kustaafu, lilikuwa limezuka kundi la watu wenye mtazamo mwingine kabisa kuhusu magari yake. Mwaka 1974 kilianzishwa nchini Marekani chama cha warekebishaji wa Corvette, kijulikanacho kwa kifupi kama NCRS. Lengo lake lilikuwa kuyarudisha magari hayo katika hali yaliyokuwa nayo siku yalipotoka kiwandani, si chini ya hapo wala zaidi ya hapo.

Waamuzi wa chama hicho hulala chali chini ya gari wakiwa na tochi. Hupapasa upande wa ndani wa madigadi kuutafuta ukanda wa kiungo, kwa sababu madigadi yaliyobadilishwa mara nyingi huwa na gundi iliyopakwa tofauti au hukosa ukanda huo. Husoma namba na tarehe zilizochorwa katika chuma cha injini. Hata rangi ya sehemu ya katikati ya geji katika dashibodi ina majibu yake, kwa kuwa ile ya mwaka 1963 ni ya fedha na ya mwaka 1964 ni nyeusi. Boneti ya mwaka usiohusika hupunguza alama, hata iwe imefungwa kwa ufundi mkubwa.

Ukali huo una sababu. Tangu bei ya magari ya mwaka 1963 ilipopanda, msumeno umegeuzwa upande wa pili. Wapo waliochukua magari ya mwaka 1964, wakaondoa kioo kimoja na kugandisha nguzo pamoja na vioo viwili, ili gari liuzwe kwa jina lisilo lake. Mnunuzi mwenye busara huanzia chini ya sanduku la dashibodi, upande wa abiria, mahali lilipofungwa bamba la namba ya gari. Tarakimu ya kwanza ni mwaka: 3 kwa mwaka 1963, 4 kwa mwaka 1964. Bamba nalo linaweza kung'olewa, hivyo huendelea kutazama misumari ya ribiti iliyolishikilia.

Wapo pia wenye magari halisi ya mwaka 1963 yaliyokatwa zamani, ambao sasa hulipa ili yarudishiwe nguzo. Gari la namna hiyo limepita chini ya msumeno mara mbili, na lina kila haki ya kuwa na dirisha lile, lakini sehemu yenyewe iliyoko mgongoni si ile iliyotoka nayo kiwandani. Bei yake huwa jambo la mabishano, na mabishano hayo si madogo kwa mtu aliyeweka akiba yake yote humo.

Sasa, miongoni mwa tuzo za juu za NCRS, zile zinazodai gari lipate asilimia 97 au zaidi ya alama za uasilia na kisha lithibitishe barabarani kwamba kila kitu kinafanya kazi, ipo iliyopewa jina la Duntov. Yaani mtu aliyeihamisha injini kutoka gari la mwaka 1954 kwenda katika bodi ya mwaka 1956, aliyekata mapaa ya Grand Sport, aliyetaka vijana wauziwe vipuri vya kubadilishia, ndiye ambaye jina lake hupewa gari ambalo halikubadilishwa kitu. Na Corvette ya mwaka 1963 iliyowekewa kioo alichokitaka yeye haiwezi kuipata.

Katika uzee wake Duntov alikuwa mgeni wa heshima kila penye Corvette. Mwaka 1992 alihudhuria kutoka kwa Corvette ya milioni moja katika kiwanda cha Bowling Green, jimbo la Kentucky. Gari hilo lilikuwa jeupe lenye viti vyekundu, kama yale 300 ya kwanza, na wafanyakazi wa kiwanda walitia saini zao katika sehemu zake. Jirani na kiwanda hicho palikuwa panajengwa Jumba la Makumbusho la Taifa la Corvette, na katika sherehe ya kuanza ujenzi mzee huyo ndiye aliyeendesha tingatinga. Jumba lilifunguliwa mwaka 1994. Alipofariki miaka miwili baadaye, majivu yake yalihifadhiwa humo.

Alfajiri ya Februari 12, 2014 sakafu ya ukumbi mmoja wa jumba hilo ilititia. Eneo la Bowling Green limekaa juu ya mawe ya chokaa yenye mapango, na pango lililokuwa chini ya ukumbi liliporomoka, likameza magari manane. Hakuna mtu aliyeumia. Miongoni mwa yaliyozama ilikuwamo Corvette ya milioni moja, ikiwa imepondwa mbele na kufunikwa na udongo.

General Motors iliamua kulirekebisha. Kazi ikageuka kuwa swali lilelile, safari hii mikononi mwa kampuni yenyewe. Kuweka sehemu mpya kila mahali kungekuwa rahisi, lakini saini za wafanyakazi zilikuwa katika sehemu za zamani. Mafundi walichukua sehemu za kubadilishia kutoka katika Corvette nyingine ya kizazi kilekile pale ambapo hapakuwa na njia, na kwingine kote walinyoosha, wakasafisha na kurudisha kipande chenye jina la mtu mahali pake. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 2015.

Magari mawili mengine pia yalirekebishwa, Corvette ZR1 ya mwaka 2009 na moja nyeusi ya mwaka 1962, iliyokamilika mwaka 2018. Yale matano yaliyobaki, likiwamo la milioni moja na nusu, uongozi wa jumba uliona kwamba kuyatengeneza kungehitaji kubadilisha karibu kila kitu. Yaliachwa yalivyotolewa shimoni, bodi zake zikiwa zimechanika na udongo mwekundu ukiwa bado umo ndani ya viti.